Kadibodi Yenye Madirisha Matatu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa rekodi katika zahanati moja upande wa Keumbu. Kila mwisho wa mwezi daktari alitaka ripoti ya wagonjwa waliodhurika na vidonge vya kifua kikuu, nami kila mwisho wa mwezi nilianza upya, kidole kwenye mstari, nahesabu napotea. Mimi hasira zangu ziko karibu. Siku moja nikachukua wembe na sanduku la sabuni, nikakata kadibodi ya kuweka juu ya ukurasa, yenye madirisha matatu ya kuonyesha safu tatu tu: dawa, malalamiko, na nesi aliyeitoa dawa. Kurasa zote za rejista zilipigwa mistari sawa, kwa hiyo kadibodi ile ile ilifaa mwezi wowote. Kazi ya siku mbili ikawa inaisha kabla ya chai ya saa nne. Lo, nilivyojiona!

Basi mwezi mmoja ripoti ikaonyesha vipele vingi, na vyote ni vya wagonjwa wa nesi mmoja, mama mtu mzima tuliyemwita Sista. Daktari, mgeni kwetu, akaamua mama huyo anakosea vipimo. Akamwandikia barua ya kumwachisha kazi kuanzia Jumatatu. Sista aliisoma, akakunja aproni yake. Na ndiye aliyenikaribisha kwake nilipokosa chumba!

Nikarudi kwenye rejista. Kwa manesi wengine dirisha la malalamiko lilikuwa tupu, mwezi baada ya mwezi, hata wa kuumwa kichwa hakuna. Ala! Wagonjwa wao ni wa chuma?

Siku ya kliniki nikawaendea akina mama kwenye foleni, wagonjwa wa wale manesi wengine, nikawaomba kwa Ekegusii, lugha yetu, wakunje mikono ya nguo. Vipele tele.

"Mbona hamkusema?"

"Ugonjwa ukitoka nje kwenye ngozi, unalalamika nini, mwanangu? Na nani alituuliza?"

Kumbe Sista alikuwa akiwauliza wake kila wiki. Wenzake walitoa vidonge tu.

Nikamkimbilia daktari, nikamvuta kwa mkono wa koti, adabu baadaye. Akajionea mwenyewe. Vidonge vikabadilishwa, na Ijumaa hiyo akaichana barua na kumwomba Sista msamaha mbele yetu sote. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Sista akanipa kitambaa chake. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini siku ile unapeleka ripoti, mimi nilikuwa chumba cha pili tu. Mbona hukuniuliza?"