Dinamo ya Trakta ya Patron

Patron wetu, yaani bwana mwenye shamba, alikuwa na imani kubwa na vitu vya zamani, mradi si yeye anayeviendesha. Trakta yake, nadhani, ilikuwa imechoka kabla haijafika Kongo. Ilishushwa melini ikiwa tayari na kikohozi. Miaka ile ya hamsini mimi ndiye niliyekuwa dereva wake, katika shamba la mpunga na migomba upande wa kushoto wa mto, njia ya kwenda Yanonge. Serikali iliuita mji wetu Stanleyville. Sisi tuliuita Kisangani, na mto haukuonekana kujali.

Ugonjwa wa trakta ulikuwa dinamo. Kazi ya dinamo ni kuzunguka pamoja na injini na kuirudishia betri umeme wake. Yetu ilizunguka vizuri sana, ila hairudishi kitu. Betri ikiisha, injini haiwaki. Kulikuwa na chuma cha kuwashia kwa mkono, tulichokiita manivele, lakini kilikuwa kimefungiwa stoo kwa sababu kilimvunja mkono dereva aliyenitangulia. Patron alikuwa na huruma nyingi. Ilichelewa tu njiani.

Basi kila jioni niliegesha trakta juu ya mteremko, na asubuhi niliiachia ishuke yenyewe mpaka ikohoe na kuwaka. Nilipomwambia patron kwamba dinamo imekufa, aliutazama ule mteremko akatabasamu.

— Bon, mulima iko. Dinamo ya kazi gani?

Nikarudi kuegesha trakta juu ya mlima wake.

Asubuhi moja alinituma nivushe magunia ya mpunga ng'ambo, mjini. Kwenye kivuko, yaani bac, kila injini ilipaswa kuzimwa, na mkubwa wa bac aliisimamia sheria hiyo kana kwamba aliitunga yeye kitandani kwake. Nikamsihi.

— Papa, uniachie injini yangu. Nikizima, haitawaka tena.

— We uko nani? Hata gouverneur anazimaka!

Sijui kama gavana aliwahi kuzima kitu chochote kwa mkono wake, lakini nilizima. Tulipogusa ng'ambo nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Trakta ikasema "tk", ikanyamaza.

Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, yaani wa kwanza kuzuia kila mtu. Mbele yangu barabara ilipanda kutoka majini. Nyuma yangu palikuwa na lori, wavuvi wenye samaki wa maporomoko, akina mama wenye mizigo ya pondu, majani ya muhogo, na gari la mzungu mmoja aliyekuwa na mkewe. Mzungu alitusaidia sana: alipiga honi. Alipoona honi haitoshi, akaipiga tena, kwa muda mrefu zaidi, ili trakta ielewe.

Tulishusha magunia. Wavuvi wakaweka samaki chini, wakasukuma. Mama mmoja mnene, jasho likimtiririka, akaniuliza:

— Hii makina iko yako?

— Hapana, mama. Iko ya patron.

— Alors, patron yako iko wapi? Akuye asukume!

Watu walicheka mpaka nguvu zikawaishia, trakta ikarudi nyuma hatua kadhaa. Mwishowe dereva wa lori akaikaribia polepole na kuisukuma kwa bampa yake. Tulipofika juu, injini ikawaka kwa moshi mweusi uliolifunika gari la yule mzungu lote, kofia ya mkewe ikiwemo. Ningependa kusema nilisikitika.

Kumbe yule wa honi alikuwa rafiki ya patron, wa kunywa naye bia. Habari zilifika shambani kabla yangu. Patron alinisubiri amesimama katikati ya njia, uso kama nyanya, akinieleza kwa sauti kubwa kwamba trakta bila dinamo haifai, na akitaka kujua kwa nini sikumwambia.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alifanya kazi karakana ya reli, ile ya kwenda Ubundu. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi, lakini ukimsikiliza ungeamini treni haziondoki mpaka zimuage. Jumapili baada ya misa alikuja na viatu vyake vya ngozi, amebeba dinamo kubwa ya lori lililokufa. Aliniita bokilo, yaani shemeji kwa Kilingala, kama kawaida yake.

— Bokilo, hii yenu iko ya watoto. Miye naleta ya wanaume.

Alitoboa chuma, akakunja, akafunga, akaazima mkanda kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikawasha. Taa za trakta, ambazo siku zote zilikuwa na haya, ziliwaka nyeupe mchana kweupe. Patron alipiga makofi. Akamwita mkewe atoke nje aone. Shemeji alisimama mikono kiunoni kama mtu anayepigwa picha.

Taa ya kushoto ikapasuka. Ya kulia ikaifuata. Kisha nikasikia harufu ya mayai yaliyooza na kitu kikichemka chini ya makalio yangu, maana betri ilikaa chini ya kiti cha dereva. Niliruka. Mke wangu alikuja mbio na ndoo, akanimwagia maji mbele ya patron, madamu wake na wafanyakazi wote. Suruali yangu ya kaki ilikuwa imeshaanza kuyeyuka kwa asidi kutoka nyuma.

Shemeji aliinama, akasoma kibati kilichopigiliwa kwenye dinamo yake. Volti kumi na mbili. Betri yetu ilikuwa ya volti sita. Wote wawili tulijua kusoma, hatukuona haja.

— Ah, akasema. Iko na nguvu sana.

Nyumbani mke wangu aliigeuza ile suruali, akatazama matundu, kisha akanitazama mimi.

— Kaka yangu alikuwa anajaribu. Na hii nguo ilikuwa imezeeka.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja na ndala. Tulitandika mkeka mbele ya mlango tukaifungua ile dinamo ndogo, ya watoto. Ndani, vipande viwili vya makaa vinavyopitisha umeme vilikuwa vimelika mpaka havigusi tena shaba, na shaba yenyewe ilikuwa nyeusi kama sufuria. Nikaisugua kwa msasa laini. Yeye akachonga makaa mapya kutoka yale makubwa ya karakana ya reli, sikumuuliza aliyapataje. Springi zilitushinda vidole, zikiruka kila mara kwenye mchanga, mpaka mke wangu akatusogeza kando na kuzirudisha yeye.

— Bokilo, shemeji akasema huku akikaza skrubu, bila kuniangalia. Suruali ile. Pole.

Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo, hata msibani. Sikujua niweke wapi uso wangu, nikampa bisibisi ambayo hakuihitaji.

Tulitia betri nyingine, nikawasha. Kwenye ubao mbele ya usukani palikuwa na sindano ndogo ya kuonyesha umeme, iliyokuwa imelala tangu nianze kazi pale. Nilipoongeza moto, iliamka, ikaegemea upande wa kujaza. Nilipiga kelele kama mtoto. Nikaendesha kupitia shamba huku nikiitazama tu, sindano ikiwa imesimama palepale, nzuri, mpaka nikaingia kwenye migomba ya patron na kuiangusha mstari mzima.

Patron alikuja mbio.

— Inachaji?

— Inachaji, patron.

Aliitazama migomba, akaitazama sindano.

— Bon.

Wiki ile nilimsikia barazani akimweleza mgeni jinsi alivyoitengeneza dinamo mwenyewe. Shemeji naye, nasikia, alikuwa akieleza vivyo hivyo karakana. Mimi sikumweleza mtu. Nilikuwa bado napanda migomba.