Siku Niliposema Ngombe ya Mahari Iko na Mikrobe

Ile haya yangu ya Muheto mulishaisikia kwa midomo ya wengine, na kila mutu anaongeza chumvi yake, basi leo wacha niwaelezee mimi mwenyewe, juu mimi njo nilikuwa pale, na majani yaliyotafunwa mpaka ndani ya masikio.

Miaka ile ya sitini nilikuwa kijana wa kujiamini (na sasa pia najiamini, musicheke). Nilikuwa nimesoma mwaka muzima kazi ya anfirmie, ni kusema muuguzi, wa ngombe, nikarudi kwetu karibu na Mweso na buti, na kaye moja ya kuandikia masomo, na neno “mikrobe”, ambalo nilikuwa nalitia hata kwa sala ya chakula. Mwalimu wetu alitufundisha kama tumbo kubwa la ngombe iko sawa mutungi wa pombe ya ndizi: ndani kuna mikrobe, vidudu ambavyo jicho haliwezi kuona, vyenyewe njo vinachachisha majani, na bila vile ngombe inaweza kula mulima muzima na ikufe njaa.

Sasa nilikuwa nataka kuoa Anastazia, binti wa Papa Bahati wa Muheto. Mahari ilibakia ngombe moja tu. Papa Bahati alishasema wazi: siku ngombe ikikubaliwa ndani ya lupango, ule uwanja wa nyumba yake, nitapewa bibi, na ikikataliwa, kuna kijana wa Kitshanga amekwisha kufunga yake kamba.

Siku mbili mbele ya safari ya kuipeleka, ngombe yetu ikavimba tumbo juu ya majani mabichi ya mvua. Jirani yetu Mama Feza, mufugaji wa siku mingi, akaniambia, “Twanga mubirizi, mukono moja, changanya na chumvi, uinyweshe.” Mubirizi ni yale majani ya uchungu tunayopanda ku lupango, na Mama alisema kweli, kidogo yake inatuliza vile vidudu vya kuleta gazi, ile hewa ya kuvimbisha tumbo. Lakini mimi niliwahi kumusaidia mujomba kuuza vitambaa sokoni, na sokoni mukono ni toka kiwiko mpaka ncha ya vidole. (Yeye alimaanisha yale yanayojaa kiganja.) Nikasita kidogo, kisha nikajiambia, mutu wa masomo kama mimi arudi kwa mama asiyejua kusoma amuulize mukono gani? Nikakata fungu refu, nikatwanga lote, nikanywesha, tumbo likashuka vizuri, nikaandika ndani ya kaye kama nimefaulu.

Tukafika Muheto, mimi, baba na wajomba, nikiwa na shati nyeupe na kravati ya kuazima. Kwa Papa Bahati walikuwa na desturi: ngombe ya mahari inangojewa icheue kwanza, juu ngombe yenye kucheua imekubali fasi, ni kusema pahali papya. Tukangoja. Maharagi yakaiva, tukangoja, ngombe inaangalia tu mulima sawa mutu aliyesahau kitu nyumbani.

“Ngombe yenu haicheui,” Papa Bahati akasema. “Iko na nini?”

Baba alitaka kujibu. Mimi nikamutangulia. “Papa, musiogope, tumbo yake iko na mikrobe mingi sana. Niliua zingine, lakini zitarudi.”

Pale dispansere ya misioni watu wa Muheto walikuwa wamefundishwa kama mikrobe njo inaua watoto, njo sababu ya kuchemusha maji. Wamama wakavuta watoto wao nyuma. Shangazi moja akafunika sufuria. Nami, badala ya kunyamaza, nikaendelea, “Si mbaya, hata wewe Papa uko nazo ndani ya tumbo.”

Baba yangu akaangalia viatu vyake. Papa Bahati akasimama, akasema, “Mumetuletea ugonjwa pamoja na kamba yake.”

Hapo njo Anastazia akatoka jikoni, siku ambayo bibi-arusi hapaswi kuonekana. “Uliipa nini?”

“Mubirizi.”

“Ngapi?”

Nikanyoosha mukono wangu, nikamuonyesha toka kiwiko. Wamama wote wakacheka, lakini yeye hakucheka. “Umezimisha tumbo. Kuja, shika kichwa ya ngombe yetu.” Akangoja ngombe ya baba yake irudishe majani ya kucheua, akatia vidole, akayatoa ya moto, akaniwekea ndani ya viganja nilishe yangu, ili vidudu vizima viingie tena ndani ya tumbo yake. Mara ya tatu ile ngombe ya baba yake ikanikoholea usoni, shati ikageuka kijani mpaka kravati ya watu. Nikapangusa macho, nikaendelea kulisha.

Tulilala kule siku mbili, wananiita Papa Mikrobe. Siku ya tatu, baada ya misa, ngombe ikacheua. Papa Bahati bado alikuwa anatikisa kichwa, “Mukwe wa namna hii atamaliza ngombe zangu zote.”

Anastazia akamujibu, “Papa, huyu iko mujinga, lakini hakukimbia.”

Njo vile nilioa. Kisha pale nimetibisha ngombe miaka mingi, toka Masisi mpaka kule Walikale, na kazi naijua, sisemi uongo. Lakini niliapa: hata jani moja silitwangi kama sijamuuliza anayelijua anipimie yeye mwenyewe. Na mpaka leo mutu akileta ngombe mugonjwa kwetu, ananisalimia vizuri, kwa heshima yote, kisha anauliza, “Mama iko?” Iko. Anastazia anatoka, anaangalia ngombe, na mimi nashika kamba.