Nilivyomtorosha Binti Yangu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hunijia kila ukungu unapotanda, nami huiona kama ndoto ya mtu mwingine. Laiti ingekuwa ya mtu mwingine! Ni mimi, tena na akili zangu timamu, niliyemtorosha binti yangu Zuhura.

Nilikuwa nimeachana na mama yake, Somoe. Mahakama ikaamua kwamba mtoto hajatimiza miaka saba, basi akae na mama yake mjini, mtaa wa Lizaboni, mimi nimwone kila Jumamosi. Zuhura alikuwa na miaka miwili na nusu. Nikatoka pale nimevimba kama andazi. Mahari nimetoa, mtoto amebeba jina langu, halafu karatasi inipangie siku ya kumwona? Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anafungua kiduka, kila mtu anauza mitumba, nami nikadhani hata ukaidi umeruhusiwa.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia Somoe nampeleka mtoto sokoni kumnunulia viatu. Kumbe nilipanda naye lori lililokuwa likifuata tumbaku, moja kwa moja hadi kijiji cha Lusewa kwa mama yangu, ambako Somoe hakuwahi kufika. Ukungu ulifunika mashamba, mtoto amelala kifuani pangu, barabara haina mwisho. Nilijiona mshindi, mwanangu. Hata kuimba niliimba.

Mama hakupiga kigelegele. Aliuliza, "Somoe anajua?"

Nikajishughulisha kumfunika mtoto.

"Basi umemwiba."

"Mama, mtu haibi chake."

"Chako ni jembe. Huyu ni mtu."

Laiti ningemsikiliza! Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilimficha Zuhura msimu mzima. Siku za kwanza alilia akionyesha kidole barabarani. Baadaye akaacha. Nikasema amezoea, nikafurahi, mjinga mimi. Siku zikapita polepole katika moshi wa mabanda ya kukaushia tumbaku, hadi jioni moja alipomkimbilia mama yangu akimwita, "Mama!"

Bibi wa watu akaweka ungo chini, machozi yakamtoka. "Ameniita jina la mtu aliye hai," akasema. "Kesho unamrudisha, la sivyo nampeleka mwenyewe kwa miguu."

Kesho yake nikamrudisha Lizaboni. Tulimkuta Somoe uani kwake, amekonda hadi nikaona haya. Alinyoosha mikono. Zuhura akajificha nyuma ya miguu yangu. Nikamsukuma taratibu, akasogea hatua mbili, akapiga goti kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake, akasema, "Shikamoo."

Somoe hakunitukana. Alikaa chini mavumbini, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama unavyomwitikia mtoto wa jirani. Wallahi, bora angenipiga. Ulipita karibu mwaka mzima kabla hajaitwa mama tena.

Sasa wewe, uliyeachana na mwenzio juzi, mahakama ikampa yeye mtoto, na leo unaulizia basi la Tunduru linaondoka saa ngapi, nisikilize. Uamuzi ukikuuma, kata rufaa, nenda ustawi wa jamii, waite wazee wa pande zote mkae. Mtoto usimchukue kwa hila. Utadhani unamkomoa mwenzio, kumbe unamfuta mzazi moyoni mwa mtoto, na hapo hakuna hakimu awezaye kumrudisha. Uchungu wa mwana aujua mzazi, nanyi wazazi mko wawili.

Nenda, mwanangu. Mungu akufupishie hasira, akurefushie subira, na mwanao akikuona wewe au mama yake, akimbie kuja, asikimbie kujificha.