Kompyuta imenifanya bubu mbele ya mjukuu wangu

Jamani, hii kompyuta imenichefua leo, natamani kuitapikia!

Tangu asubuhi kazi yake kuniuliza. Unaruhusu hiki? Unaruhusu kile?

Mimi na woga wangu wa matapeli, nikawa nabonyeza "Kataa" tu.

Kumbe nimeikataza kuonyesha sura yangu na kupeleka sauti yangu!

Mchana binti yangu Zaituni kanipigia kwa video kutoka Mwanza, kapakata kichanga chake.

"Mama, tumempa jina lako."

Nikapiga vigelegele, majirani hapa Kitete wakaja mbio.

Zaituni kwake anaona giza, hasikii kitu. Machozi yakamtoka.

"Mama, mbona umejificha? Jina hulitaki?"

Ikabidi nimpigie kwa kiswaswadu, kale kasimu kangu ka vitufe.

"Nilidhani umechukia, mama."

Nimechukia, mwanangu. Nimelichukia hili lidude!

Wenzangu, nyie mnalivumiliaje?