Mpaka Mkono Uguse Boriti

Nikisikia harufu ya samli ikiyeyuka motoni, bega langu la kulia hushtuka kabla ya pua. Miaka ile ya wakimbizi kujaa kijijini kwetu mpakani, nilivunjika mkono juu ya kiwiko. Mfupa ulipounga, mkono ukagoma kunyanyuka. Kila asubuhi shangazi aliukanda kwa samli ya moto, nami nikipiga kelele za kuamsha Burundi nzima.

"Siku utakayogusa boriti ya mlango," aliniambia, "nakupeleka Biharamulo kwa mama yako."

Basi nikawa natambaza vidole ukutani kama mjusi, hata usingizini. Siku nilipoigusa boriti, shangazi alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani.

"Shangazi, tunaondoka leo?"

"Kwenda wapi? Wahi kisimani, wakimbizi wameshapanga foleni." Akanitwika ndoo kichwani.

"Na Biharamulo?"

Akatazama pembeni. "Mama yako alishahama kule kabla hujavunjika, na hakusema anakwenda wapi. Ningekuambia, mwanangu, ungeunyanyua huo mkono?"

Niliunyanyua, nikaishika ndoo. Haukuuma hata kidogo.