Mwenye Kitanda wa Mutanga Nord

Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, na sina faida yoyote ya kukudanganya. Ukitaka kucheka, cheka; dada yangu Zaina bado yuko hai, kamuulize.

Ilikuwa miaka ya vita. Mimi ni fundi seremala wa mtaa wa Buyenzi. Zaina alikuwa amekimbia mapigano ya mtaa wa Kinama na watoto wake wanne, wakawa wanalala karakanani kwangu, juu ya maranda ya mbao. Basi nikaitwa na mjane mmoja wa Mutanga Nord, mtaa wa wenye nafasi, Madame Espérance. Mume wake alikuwa Mrusi, mshairi mwenye jina kubwa kwao. Huku alikuja kufundisha, akafia hapa hapa. Kwa miaka sita Madame alikuwa amekiacha chumba cha marehemu vilevile: miwani mezani, kalamu, kitanda kimetandikwa. Wanafunzi walikuja kukitazama, viatu wanavua mlangoni. Kitanda kilizungushiwa kamba, mtu asiguse. Mchwa walikuwa wamekula mguu wa meza, ndiyo maana nikaitwa.

Madame akaenda kwa jirani kupiga simu. Nimepiga magoti chini ya meza, nikaona miguu inapita, imevaa soksi za sufu. Soksi za sufu, na joto letu hili? Nikatoka. Alikuwa mzungu mzee, mwembamba, anatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani. Nikadhani ni mgeni wa nyumba, nikamsalimu. Akaitikia kwa Kiswahili chetu cha mjini, akaniuliza nyumbani nimeacha nani. Nikamweleza shida ya Zaina. Kwa nini nilimweleza? Mpaka leo sijui. Alisikiliza huku anatembea tu, kama mtu aliyefungiwa. Kisha akasema:

"Mi nimechoka kusimama, fundi. Hapa kila kitu ni ya kuangalia. Mwambie Espérance batoto walale kwa hii kitanda."

Akavuka kamba, akaketi. Niamini, godoro halikubonyea hata kidogo. Nyundo ikaniponyoka. Nilipoinama kuiokota na kuinuka tena, hakuna mtu. Dirisha lilikuwa na vyuma, na kati ya kitanda na mlango nilikuwa nimesimama mimi.

Madame aliporudi nikamfikishia ujumbe jinsi ulivyo. Hapo nilijiharibia mwenyewe. Uso ukambadilika.

"Umeona nyumba kubwa," akasema polepole, "ukatafuta marehemu wa kukufungulia."

Akanionyesha njia. Wewe ungefanya nini? Ningekuwa yeye, ningesema vilevile. Nilirudi Buyenzi kwa miguu, kila hatua nageuka nyuma. Zaina sikumwambia kitu, niliona haya. Usingizi ukanikataa, si kwa milio ya risasi peke yake.

Siku ya tano Madame akaja mwenyewe karakanani, amekonda. Akakaa juu ya mbao, akaniuliza yule mzee alivaa viatu gani. Nikasema hakuvaa viatu, alivaa soksi za sufu. Akaeleza kwamba soksi hizo alizifuma yeye, akamvisha mumewe usiku wa kuamkia mazishi bila kumwambia mtu, maana miguu yake haikupata joto siku zake zote. Na tangu aliponifukuza, anasikia mtu anatembea mule chumbani, hatulii.

Akamgeukia Zaina. "Dada, lete batoto. Mi sina nguvu ya kumusikia tena."

Jioni ile, kabla ya saa ya kuzuiwa kutembea, tulikata kamba. Watoto watatu walilala kitandani, mdogo kifuani kwa mama yake. Asubuhi Madame alisema hakusikia hatua hata moja. Walikaa pale mpaka Kinama ikatulia.

Lakini mimi sijatulia. Mama yangu alipofariki niligawa kitanda chake kabla hata ya arobaini. Ndugu zangu wengine hawanisemeshi mpaka leo. Na waseme wanavyotaka. Kama kwako kuna chumba cha marehemu umekitia kufuli, nakuomba, kifungue leo, jua likiwaka. Mlaze mtu humo. Usingoje mwenyewe aje kukuomba.