Iwekeni Ndani Isinyeshewe

Alama zangu za kidato cha nne hazikutosha kunipeleka kidato cha tano, kwa hiyo baba akaniandikisha chuo cha ufundi hapa Sumbawanga. Somo nililoliogopa kuliko yote lilikuwa ubunifu. Si kwa sababu ya kuchomelea vyuma, hilo nalipenda. Niliogopa kwa sababu mwalimu wetu, mtu wa Mbeya, alitaka kila mmoja aseme. "Kwanza tafuteni shida ya mtu," alikuwa akituambia, "halafu ndiyo mshike nyundo." Mimi si mtu wa kusema. Wenzangu waliniita Redio Bila Betri.

Shida niliyoipeleka darasani ilikuwa bega la bibi yangu. Bibi anaishi Pito, na kila mavuno anapura ulezi kwa fimbo. Anayapiga masuke uwanjani tangu asubuhi, na jioni bega linamkatalia hata kufunga kitenge. Nililisema hilo kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akaniomba nirudie, lakini kundi langu, wavulana watatu na mimi, wakalipenda. Tukatafuta baiskeli chakavu, tukaisimamisha kwenye fremu ya chuma, mnyororo ukawa unazungusha pipa lenye meno ndani. Unapanda, unakanyaga, masuke yanaingia juu, ulezi unatoka chini. Meno yote niliyachomelea mwenyewe.

Mwezi wa sita tukaipakia kwenye guta, tukaipeleka Pito. Ilikuwa ile baridi yetu, Bibi amevaa masweta mawili.

"Shikamoo mama," mwalimu akasema.

"Marahaba wanangu, karibuni."

Mvulana mmoja akapanda akakanyaga, ulezi ukatoka. Bibi akaizunguka mashine, akagusa tandiko, akapiga makofi taratibu kwa heshima. "Mungu awabariki. Mmefanya kazi kubwa. Haya, iwekeni ndani isinyeshewe."

Mwalimu alifurahi sana. Tulipokuwa tunatembea kurudi kwenye guta alisema wiki inayofuata tuanze kutengeneza nyingine za namna ileile kwa majirani. Wenzangu wakagongana viganja. Mimi nikaangalia juu. Hakukuwa na wingu hata moja, na mvua kwetu ilikuwa bado miezi mingi. Jiko la umeme ambalo shangazi alimletea Bibi nalo aliliweka ndani lisinyeshewe. Liko huko hadi leo, halijapikiwa hata chai.

Nikajua nikinyamaza, Bibi atarudi kwenye fimbo yake na sisi tutajaza Pito mashine za kuhifadhiwa.

"Mwalimu, amekataa."

"Nani amekataa?"

"Bibi."

"Oya, redio imepata betri!" mmoja akasema.

"Lakini ametubariki," mwalimu akasema.

"Ndiyo. Kwetu mgeni hakataliwi usoni."

Mwalimu akanitazama kidogo, kisha akasema, "Basi rudi ukamuulize."

Nilimkuta Bibi ameshashika fimbo. Nikamuuliza kwa Kifipa kuna nini na ile mashine. Akazungukazunguka kwanza, akaniuliza kama nimekula. Mwishowe akasema, "Sasa mjukuu wangu, nipande pale na kitenge changu, miguu huku na huku, padri akipita anione?"

Kulirudisha hilo kwa wavulana ndiko kulikokuwa kazi. Nililisema nikitazama tairi za guta. Mmoja alicheka, akaacha. Mwalimu akajipangusa uso, akasema hata mama yake hajawahi kupanda baiskeli, na yeye hajawahi kujiuliza kwa nini. Nikaona nimeshaanza, nimalize. Nikasema fundi cherehani pale sokoni anakanyaga siku nzima, amekaa, kitenge chake kimetulia.

Tukairudisha mashine chuoni, tukatoa tandiko na pedeli. Tukafunga kikanyagio cha cherehani kibovu, na kigoda cha kukalia.

Tuliporudi Pito mwezi uliofuata, Bibi alikaa, akakanyaga, akaongeza masuke. Hakupiga makofi. Alianza kulalamika. "Hii inaacha makapi mengi. Na kelele zake! Kuku wangu wamekimbilia kwa jirani. Halafu hapa pa kuingizia pako juu, mnadhani mimi twiga?"

Uso wa mwalimu ukasawijika. Akaninong'oneza, "Safari hii ndiyo hajaipenda kabisa."

"Ameipenda, mwalimu. Mbona lile jiko la umeme hajawahi kulilalamikia?"

Hakunielewa mpaka nikamweleza habari ya jiko. Akacheka, akachuchumaa mbele ya Bibi na futi yake, akaanza kupima mkono wake unafika wapi. Bibi akampa mkono bila kuacha kukanyaga.

Jua lilipokaribia kuzama, wavulana wakaishika mashine huku na huku ili waiingize ndani.

"Ninyi, mnaipeleka wapi?" Bibi akasema. "Iacheni hapo hapo uwanjani. Mvua gani mwezi wa saba?"